Leseni ya duka kupitia TAUSI: safari hii kwa namba yangu mwenyewe

Leseni yangu ya biashara imetoka Jumatano iliyopita na sikupanda daladala kuifuata. Nimeichapisha kwa shilingi 500, nimeitia fremu, iko ukutani juu ya ndoo ya sukari, mahali ambapo mgambo ataiona kabla hajauliza. Nauza vyakula rejareja katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa: sembe, maharage, dagaa, mafuta ya kupima. TAUSI ni ule mfumo wa TAMISEMI ambao halmashauri zinautumia kutoa leseni na kukusanya ushuru. Nimeutumia mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani kabisa.

Wenye maduka wa siku nyingi mnaikumbuka fomu TFN 211. Unaijaza, unabandika kopi ya TIN, hati ya TRA ya kutodaiwa kodi na mkataba wa pango, halafu unaizungusha meza kwa meza. Wa kusaini yuko semina. Kesho yuko msibani. Mwaka mmoja nilifunga duka siku 3 kwa ajili ya saini 2, mwezi wa Januari, ada za shule zikiwa mlangoni.

Sasa unaingiza namba ya NIDA, zile tarakimu 20, na jina lako linatokea lenyewe. Unapakia nyaraka zako, afisa biashara anazipitia akiwa mezani kwake, wewe unaendelea kupima unga. Akiridhika unapata namba ya malipo, ile kontroo namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipa kwa simu. Hapa ndipo moyo wangu ulipotulia. Hela haipiti mkononi mwa mtu, hakuna wa kukuambia risiti utaifuata wiki ijayo. Mimi nimewahi kuzungushwa na risiti, najua ninachosema. Na kila kitu kimeandikwa Kiswahili, jambo ambalo nalishukuru sana.

Ila mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Nilikwenda steshenari, kama tunavyofanya karibu wote hapa mtaani. Kijana wa pale mpole, "shikamoo mama, karibu mama," akanifungulia akaunti kwa shilingi 5,000 na dakika 20. Sikujua kwamba ameweka namba yake ya simu, si yangu, na neno la siri kalitunga yeye. Leseni ni ya miezi 12. Ilipoisha, kila ujumbe ulikwenda kwake, naye alikuwa amekwishahamia mji mwingine. Mimi nikashtukia ukaguzi mlangoni, nikalipa na faini.

Kurekebisha namba ile kulinichukua siku 2, nazo zote nilizimaliza kwenye benchi la ofisi. Dirisha la kwanza wakaniambia mtandao uko chini. La pili wakasema hayo ni mambo ya mfumo, mama, si yetu. Sikumlaumu aliyenijibu, maana ilionekana hata yeye hakuelekezwa. Mwishoni dada mmoja wa kitengo cha TEHAMA akanikalisha, akatazama kitambulisho changu, akabadilisha namba kwa muda wa kunywa chai. Nilikuwa karibu kulia. Kazi ya dakika 10, kumbe kilichokosekana ni mtu wa kunionyesha mlango wake.

Kwa hiyo ninaposikia viongozi wakizungumzia akili unde kwenye huduma za serikali za mitaa, nasikiliza kwa makini, maana nimejaribu. Siku zile za faini niliuliza programu moja ya kwenye simu: nahitaji nini kuhuisha leseni ya duka? Ikanijibu Kiswahili kizuri, cha adabu, ikanituma nikachukue kibali cha kaunti. Kaunti ziko Kenya. Mtu asiyejua angefunga safari. Ningefurahi halmashauri ziwe na msaidizi wa aina hiyo anayejua sheria zetu na ada za hapa hapa, anayesikia sauti, kwa sababu wateja wangu wengi kuandika kunawachosha. Lakini akishindwa, anipe namba ya mtu kama yule dada wa TEHAMA.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naizuia mpaka kila ofisi ya kata iwe na mtu wa kusaidia kufungua akaunti bure, kwa namba ya mwenye biashara. Ukienda steshenari, nenda na simu yako, ule ujumbe wa uthibitisho uingie kwako, na neno la siri uandike kwa kidole chako.

Mzee fundi viatu anayekaa nje ya duka langu ana kitochi tu, na alikuwa ameshakata tamaa na mambo haya. Jumamosi nilimfungulia akaunti kwenye simu yangu kwa namba yake. Ujumbe ulipoingia akanisomea tarakimu moja moja, kwa sauti, kama anayesoma risala. Tulipofika kwenye neno la siri nilimpa simu aandike mwenyewe, nikageuka kumpimia mteja maharage.