Uzoefu wangu na klabu ya vitabu: waliweka kikombe juu ya kitabu cha mamaangu

Klabu yenyewe sitaitaja, wala mkahawa wanakokutania. Walioko Dar na wanaopenda kusoma huenda wakakisia, na wakikisia wasiniulize. Habari za ada, siku za kukutana na namna ya kujiunga utazipata kwao wenyewe, wanajibu simu haraka na kwa adabu. Mimi nataka kueleza jambo moja tu lililonipata mwaka jana, karibu na mvua za vuli, ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinanibana.

Nilijiunga kwa hamu kubwa. Nimekulia Unguja, nimeolewa Dar, na tangu nije huku sikuwahi kupata watu wa kuzungumza nao vitabu. Nyumbani kwangu hakuna anayesoma isipokuwa mimi. Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanakutana, wanakunywa chai na kujadili walichosoma, nililipa miezi mitatu kwa mkupuo bila kuuliza mara mbili. Na miezi miwili ya mwanzo niliifurahia, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nikirudi nyumbani usiku nikiwa bado najibizana na watu kichwani.

Mwezi wa tatu tukaambiwa: kila mtu alete kitabu anachokipenda kuliko vyote, aeleze kwa nini. Dakika kumi kila mmoja.

Nilijiandaa wiki mbili. Nilijua tangu mwanzo nitapeleka Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, tena si nakala yoyote, bali ile iliyotoka nyumbani. Kaka yangu aliinunua alipokuwa anasoma HKL, ule mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alipomaliza fomu siksi akaiacha juu ya kabati pamoja na madaftari yake, imejaa penseli: dhamira, migogoro, swali la pili. Mamaangu ndiye aliyeiteremsha. Mamaangu shule aliiacha mapema akaolewa, na sikuwahi kumwona na kitabu mkononi zaidi ya msahafu. Lakini kile alikichukua, akawa anakaa nacho barazani baada ya alasiri, anasoma kwa sauti ndogo, mdomo unatembea. Alikisoma mara mbili. Hakutaka kukunja kurasa wala kuandika kwa kalamu. Akifika mahali palipomgusa alichomoa uzi kwenye pindo la kanga aliyoivaa, akauweka katikati ya ukurasa, akaendelea. Nyuzi saba, nyekundu zote, kwa sababu ilikuwa kanga moja ile ile aliyoizoea kuvaa nyumbani. Alifariki kabla sijamuuliza kwa nini pale na si kwingine. Nilikuwa nazijua kurasa zile kwa kukifungua tu, sikuwahi kuziandika popote.

Uzi wa kwanza, au wa pili kwa hakika, uko pale Mwajuma anapompokea Yasmin. Kwa wasiokijua: Yasmin ni binti wa Kihindi anayeozeshwa, angali mtoto, kwa Bwana Raza mwenye umri wa kuwa baba yake na zaidi. Anamkimbia. Anakwenda kwa mjomba wake, na jamaa zake mwenyewe wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke asiye na kitu wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, ambaye watu wa heshima wanamsema vibaya mtaa mzima. Mwajuma haulizi maswali. Anamweka ndani, anamlisha, anampa mahali pa kulala. Mamaangu ni mtu wa Ng'ambo. Wakati tukiwa wadogo nyumbani kwetu kulikuwa hakukosekani mtu aliyefukuzwa kwao. Nilitaka kuwaambia watu wa klabu jambo hilo. Nilitaka kuwaambia kwamba nilipokisoma kile kitabu ukubwani ndipo nilipoelewa mamaangu alikuwa anafanya nini miaka yote ile.

Siku yenyewe kabla yangu alisimama kijana mmoja na Paradise ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiingereza. Alizungumza dakika arubaini. Hakuna aliyetazama saa. Nami nilimsikiliza kwa raha, kitabu kile nakipenda, na alipomaliza niliwaambia kwamba kimetafsiriwa, kinaitwa Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, na kimetoka hapahapa Dar kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022. Wengi walishangaa. Kiongozi wetu akasema, "Ah, kwa Kiswahili kitakuwa kinasikika vipi sijui." Niliipisha. Nilidhani kauli imemponyoka tu.

Ikawa zamu yangu. Nikaanza na Yasmin, nikaeleza ndoa, nikaeleza mjomba, nikafika mlangoni kwa Mwajuma. Nimefungua kitabu penye uzi, nataka kusoma aya mbili. Kiongozi akanikatiza.

"Hicho si cha fomu siksi? Jamani, sisi sote tulikaririshwa hicho. Mpenzi, hapa tunataka vitabu vya kusoma, si vya kujibia mtihani."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka wa kutosha. Akaongeza kwamba muda umetutupa mkono, tuendelee na anayefuata. Sikuwa nimefika dakika nne. Akanyoosha mkono, akakivuta kitabu kutoka mbele yangu ili nafasi ipatikane mezani, akakifunga, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake.

Nilikaa. Sikusema neno. Nilikuwa nakitazama kile kikombe mpaka mkutano ukaisha, na kila alipokinyanyua kunywa alikirudisha palepale. Nilipochukua kitabu changu kuondoka, jaladani kulikuwa na duara la kahawia, limeshaanza kukauka.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili nimelifikiria muda mrefu. Ninaelewa mtu aliyechoshwa na kitabu shuleni. Mwalimu anakuandikia ubaoni wahusika na sifa zao, unakariri, unaandika, unasahau. Kaka yangu mwenyewe mpaka leo ukimtajia Denge, mpenzi wa Yasmin mle kitabuni, atakwambia "mwanamapinduzi, mwenye msimamo, mzalendo" kama anasoma orodha ya sokoni, na hakumbuki hata kidogo namna Denge alivyompenda Yasmin. Hilo si kosa la Shafi. Na ikiwa kuna mahali ambapo kitabu cha namna hiyo kingeweza kurudishiwa uhai wake, ni penye kikundi cha watu wazima wasio na mtihani, wanaokaa chini kwa hiari yao. Kama si pale, basi wapi?

Na kinachoniuma zaidi ni huyu Gurnah waliyempigia makofi. Shafi amezaliwa mwaka 1940, Gurnah 1948, wote wawili Unguja. Mmoja aliondoka angali kijana baada ya Mapinduzi, akaandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Nobel, na alistahili. Mwingine ameandika kwa lugha tuliyokuwa tukiizungumza pale mezani, ameandika Kuli kuhusu mahamali wa bandarini Unguja, ameandika Haini kuhusu watu waliotiwa ndani baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, naye mwenyewe jela aliionja. Kisiwa kimoja. Hata mchapishaji ni huyohuyo: Vuta N'kuvute ya mwaka 1999 na Peponi zote zimetoka Mkuki na Nyota. Lakini mmoja anapewa dakika arubaini na mwingine anawekewa kikombe. Halafu miezi michache nyuma, watu walewale, meza ileile, walikuwa wakiisifia filamu ya Amil Shivji, jinsi ilivyofika Toronto, jinsi rangi zake zilivyo nzuri. Filamu inaitwa Vuta N'kuvute! Walidhani hadithi ile imetoka wapi?

Nilipofika nyumbani nilijaribu kulifuta lile duara kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikaharibu zaidi. Ndipo nikahesabu nyuzi. Zilikuwa sita.

Nilihesabu tena. Nilikikung'uta juu ya kitanda, nikaukung'uta mkoba, nikamwamsha mume wangu atafute kwenye gari. Sita. Alipokivuta kitabu na kukifunga kwa pupa, uzi mmoja ulichomoka. Si ule wa Mwajuma, huo nilikuwa nimeushika kwa kidole. Ni mmoja wa huko mbele, na sikuweza kukumbuka upi. Usiku ule nililia kama siku ya msiba, siwafichi.

Nilimwandikia kiongozi. Sikumtukana. Nilimweleza kitabu ni cha nani na kimepata nini. Akanijibu siku ya pili: "Pole dada kama ulijisikia vibaya, tulikuwa tunataniana." Basi. Kama nilijisikia vibaya! Mimi sikuwa naumwa. Nilivunjiwa heshima mbele ya watu, na mali ya marehemu mamaangu ikafanywa kisahani. Utani una wenyewe, na yeye si mtani wangu. Nilitaka neno moja tu, nisamehe, na halikuja mpaka leo.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba mtu yeyote anayejiheshimu asiikanyage klabu ile. Nilikuwa nimeshaandika mistari kumi na kitu. Halafu ukaja ujumbe kwenye simu, namba nisiyoijua.

"Shikamoo dada. Mimi ni yule niliyekuja na Paradise. Niliokota uzi mwekundu chini ya meza ulipokuwa umekaa. Nimeona vingine kama huo ndani ya kitabu chako, nikadhani si takataka. Nimeuhifadhi. Nikuletee wapi?"

Nilisimama nao jikoni ule ujumbe, nikausoma mara tatu. Kijana yule, ambaye nilikuwa nimeanza kumwekea kinyongo kwa dakika zake arubaini, ndiye pekee aliyetazama kwa makini. Aliuleta mwenyewe mpaka kituo cha daladala karibu na kwangu, ndani ya bahasha ya khaki, ameukunja kwenye karatasi safi. Uzi wenyewe haufiki urefu wa kidole. Aliniambia hakucheka siku ile, na alitaka kusema neno akaona haya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekula muda. Akaniuliza Mwajuma alifanya nini baada ya kufungua mlango. Nilimsimulia palepale tumesimama, magari yanapita, muda mrefu kuliko dakika kumi. Wiki iliyofuata alikuwa ameshanunua nakala yake.

Kwa hiyo sasa niseme nini? Ningesema msijiunge, nitakuwa namdhulumu huyu kijana, na yule mama mstaafu anayekuja na miwani miwili, na dada mmoja wa benki ambaye baadaye alinipigia kuniambia na yeye alikasirika. Watu wa namna hiyo nisingekutana nao kwingine. Bila klabu ile ningekuwa bado nasoma peke yangu. Pengine niseme jiungeni, ila mkiombwa kuleta kitabu mnachokipenda leteni cha pili kwa kupendwa, cha kwanza kiacheni nyumbani. Lakini nikiandika hivyo damu inanichemka upya, maana klabu ya vitabu ambayo mtu hawezi kuipelekea kitabu anachokipenda ni klabu ya nini hasa? Watu walilipa ada yao kwa ajili ya hicho. Nami nililipa. La, nimerudi nilipoanza: kwa kiongozi yule, hapana. Akibadilishwa, au akijifunza kumwacha mtu amalize sentensi yake, nitakuwa wa kwanza kurudi na kulipa mwaka mzima.

Miezi yangu mitatu iliisha sikuilipia tena. Yule mama mstaafu, dada wa benki, kijana na mimi tunakutana siku moja moja kwake yule mama, Jumapili jioni, bila jina na bila ada. Tunasoma kwa sauti, kwa zamu. Kitu kimoja nimekiona: kitabu cha Kiswahili kikisomwa kwa sauti na watu wazima, watu wanaanza kusema "bibi yangu alikuwa hivyohivyo," na kitabu kinasubiri kidogo.

Uzi wa saba bado uko kwenye bahasha. Nimekisoma kitabu chote upya nikitafuta mahali pake, natazama kila ukurasa kama umeacha alama, na kuna kurasa nyingi tupu kati ya uzi wa tano na wa sita, kwa hiyo nadhani ni huko, lakini sina hakika, na sitaki kuuweka mahali ambapo hakuuweka yeye. Kijana naye anatafuta kwenye nakala yake. Juzi usiku alinitumia ujumbe kuniuliza kama mamaangu alikuwa mpenzi wa taarabu. Nikamjibu kwamba alikuwa haendi kokote, lakini akipepeta mchele huwezi kumnyamazisha. Akaandika: "Basi dada, rudi pale Mwajuma anapompeleka Yasmin kwenye taarabu. Soma polepole."