Kuhosti tovuti bure: ipi uichukue, ipi uiache

Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi Morogoro alininyooshea simu yake. Ilikuwa imefunguka kwenye ukurasa wa fomu za kujiunga, ambao nilikuwa nimeumaliza wiki mbili kabla. Juu kuna nembo ya shule, chini yake watoto wamesimama mstarini na masweta ya kijani, na chini ya watoto tangazo la kubeti linawaka na kuzima, likimwita mzazi aweke mkeka. "Hili nani kaliweka?" akauliza. Waliliweka wenye hosti ya bure niliyoichagua mimi, yaani kampuni inayoziweka kurasa za tovuti kwenye kompyuta zake ili zionekane mtandaoni. Masharti yao yalisema hivyo na mimi sikuyasoma.

"Nipe hadi kesho, Mwalimu," nikamwambia, nikidhani kuna mahali pa kubonyeza likaondoka. Hakukuwa na mahali. Tangazo ndiyo bei ya hosti ile. Tukahama, na maumivu yakaanzia hapo: anwani ya tovuti ilikuwa na jina la kampuni ile ndani yake, kwa hiyo ilibaki kwao, na vipeperushi 500 vyenye anwani hiyo vilishafika kwa wazazi.

Tangu siku ile kila hosti ya bure naipima kwa swali moja: nikitaka kuondoka kesho, naondoka na nini? Orodha iliyo hapa chini nimeipanga kwa swali hilo, si kwa nani anatoa GB nyingi.

Na nisieleweke vibaya. Saluni, kwaya, duka la vitambaa, nyumba ya wageni yenye vyumba vinane: wengi wao wanahitaji kurasa tatu nne tu, zenye picha, bei, ramani na namba ya simu. Kumtoza mtu wa namna hiyo hosti ya mwaka mzima, wakati kuna sehemu nzuri za bure, ni kumwonea.

Jina kwanza, na jina lilipiwe

Pesa pekee ninayomwomba mteja atoe ni ya jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti iliyo yake mwenyewe. Majina ya .co.tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya .co.ke chini ya KeNIC ya Kenya, na wauzaji wa hapa nyumbani wanapokea malipo kwa simu. Ukishakuwa na jina lako, hosti inageuka chumba cha kupanga. Ukihama usiku, asubuhi mteja anaandika anwani ileile na anakukuta.

Jina la bure usilikubali. Freenom ya Uholanzi iligawa majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq kwa miaka mingi, na matapeli wakayapenda mno. Machi 2023 habari zilitoka kwamba Meta, wenye Facebook, imeishtaki, na usajili wa majina mapya ulikuwa umesimama. Juni mwaka huohuo Gabon ikaichukua .ga irudi mikononi mwake, na Februari 2024 Freenom ikatangaza kuachana na biashara ya majina. Waliojenga jina la duka juu ya zawadi ile walianza upya.

1. Cloudflare Pages: kwa biashara ndogo, taasisi na mtu binafsi

Hii ndiyo ninayoitumia kwa wateja wangu wengi. Haibandiki matangazo, haihesabu kiasi cha data wanachovuta wasomaji, inakubali jina lako, na kufuli la usalama kwenye kivinjari inakuwekea yenyewe. Unaburuta folda yako ya kurasa, unaiachia kwenye dirisha, na baada ya muda mfupi tovuti iko hewani. Kwa njia hiyo ya kuburuta, mwisho ni faili 1,000, na hakuna faili moja inayoruhusiwa kuzidi MB 25. Siku hizi kampuni inawasukuma wateja wapya kwenye huduma yao nyingine iitwayo Workers, lakini kwa kurasa za kawaida nayo ni bure.

Kasoro yake ni kwamba kimsingi ni ya tovuti tuli, yaani kurasa zilizokwisha kuandikwa. WordPress, programu maarufu ya kuendeshea tovuti, haikai humo. Fomu ya maombi pia haitafanya kazi yenyewe, hivyo mimi naweka Google Forms, au kitufe cha WhatsApp: kiungo kinachoanza na wa.me, kisha mkwaju, kisha namba ikianzia na 255 badala ya sifuri. Kwa duka, kitufe hicho kinaleta wateja kuliko fomu yoyote niliyowahi kutengeneza.

Jambo moja linawakwamisha wengi. Ili jina lako likae pale bila www mbele, ni lazima uhamishie seva za majina, yaani kompyuta zinazolielekeza jina kwenye hosti, kwa Cloudflare. Mwandikie aliyekuuzia jina, mpe zile anwani mbili ulizopewa, umwombe abadilishe. Ukishahamia huko unaweza pia kuwasha, bila malipo, huduma ya kupokea baruapepe za info@ jina lako na kuzipeleka kwenye Gmail yako. Kwa anayegawa kadi za biashara, hilo ni jambo kubwa.

2. GitHub Pages: kwa anayejifunza au anayeonyesha kazi zake

Ipo tangu 2008 na ni imara. Tovuti isizidi GB 1, na wasomaji wasivute zaidi ya kama GB 100 kwa mwezi. Ukurasa wa MB 2 ungefunguliwa mara 50,000 kabla ya kufika hapo, kwa hiyo usihofu. Jina lako inalikubali. Lakini kwa akaunti ya bure faili zako zinakuwa wazi kwa kila mtu, na masharti yanakataza kuitumia kuendeshea duka la mtandaoni. Mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta kazi aanzie hapa. Mwenye duka apite.

3. Blogger: kwa mwandishi

Watu wanaidharau kwa sababu ni ya zamani, na mimi siwaelewi. Google iliinunua 2003 na hadi leo haijawahi kumlazimisha mtu kuweka matangazo. Unaunganisha jina lako mwenyewe bila kulipa, na maandishi yako yote unaweza kuyashusha kama faili moja ukayapeleka kwingine. Kizazi kizima cha wanablogu wa Tanzania kimekulia Blogspot, anwani za bure za Blogger. Blogu ya Michuzi, iliyoanza 2005, ilifuatwa na Watanzania walioko nje kama gazeti la kila siku.

Udhaifu wake ni sura. Mandhari nyingi zilizopo zimepitwa na wakati, na kuzirekebisha kunataka subira. Kama utachapisha habari ukiwa Tanzania, kumbuka pia kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, pamoja na marekebisho yaliyofuata, zinadai leseni ya TCRA. Hosti kuwa ya bure hakukuondolei wajibu huo.

4. Google Sites

Kwa kikundi cha akina mama, darasa, au kamati ya harusi. Unajenga kama unavyoandika hati, jina lako linakubalika, picha zinakula nafasi ya zile GB 15 za akaunti yako. Tatizo ni kutoka: hakuna njia safi ya kuibeba tovuti kwenda hosti nyingine. Utanakili kwa mkono.

5. WordPress.com na Wix, vifurushi vya bure

Vyote viwili ni vizuri kwa kujaribia. Vyote viwili vinaweka matangazo na vinakataa jina lako hadi ulipie. WordPress.com inatoa GB 1 na Wix MB 500, na picha za simu za siku hizi, MB 4 kila moja, zinazijaza haraka. Zipunguze hadi KB 200 kabla ya kuzipandisha, popote unapohosti, maana anayezifungua anazilipia kwa bando lake. Kati ya hizo mbili nachagua WordPress.com, kwa sababu maandishi yanatoka. Tovuti ya Wix huwezi kuihamishia hosti nyingine.

6. Hosti za bure zenye PHP na hifadhidata

Hizi ndizo zinazovutia vijana, kwa kuwa zina PHP, lugha ya programu, na hifadhidata, ghala la taarifa, ambavyo WordPress inavihitaji, hivyo unaweza kusimika WordPress kamili. Mwanafunzi azitumie kujifunzia, na InfinityFree ni mojawapo inayojulikana. Taarifa za watu usiziweke humo. 000webhost, hosti nyingine ya aina hii, ilidukuliwa 2015, zikavuja akaunti zaidi ya milioni 13, nywila zikiwa zimehifadhiwa kama zilivyoandikwa, bila kufichwa. Mwaka 2024 ilifungwa. Fikiria fomu ya shule yenye majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na simu za wazazi ikiwa humo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na atakayeulizwa ni wewe uliyezikusanya.

Lipia hosti siku utakapoanza kupokea malipo ndani ya tovuti, au utakapohitaji watu wajisajili na kuingia kwa nywila. Kabla ya hapo, weka folda nzima ya tovuti kwenye kompyuta yako na nakala nyingine kwenye flashi. Hosti ya bure inaweza kukoma: Heroku iliondoa mpango wake wa bure Novemba 2022 na Glitch ikaacha kuhosti Julai 2025. Waliokuwa na nakala walihama.

La mwisho ni la fundi wako, hata kama ni mimi. Akikununulia jina, akaunti ifunguliwe kwa baruapepe yako na risiti isome jina lako. Nimekuta nyumba ya wageni ambayo jina lake lilisajiliwa kwa Gmail ya kijana aliyeshabadilisha namba ya simu, na mwaka ulipoisha hapakuwa na mtu wa kuonywa kwamba limefika mwisho. Ingia kwenye akaunti hiyo wewe mwenyewe, ukiwa na fundi pembeni, kabla hujamlipa.