Bustani na njia ya kutembea zilizojengwa kwa ada ya nyumba mpya: nyota 3 kati ya 5

Naandika kama mteja aliyelipa kabisa, maana kampuni iliyojenga mtaa wetu ilitozwa ada ya bustani kwa kila nyumba ilipoomba kibali, na tusidanganyane, mjenzi hakubebei mzigo huo bure, mara nyingi unarudi kwenye bei unayonunulia. Natembea humo karibu kila asubuhi, mwaka wa 3 sasa.

Nianze na uzuri wake. Njia ni pana, baiskeli na mzazi anayesukuma kigari cha mtoto wanapishana bila mtu kukanyaga majani, taa zimewekwa chini hazikupigi machoni, na ile miti waliyopanda ikiwa fimbo tu leo inatoa kivuli cha kukaa. Bila ile ada hapa pangekuwa nyumba na kuta tu. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Sasa shida. Njia inakatika! Unatembea kama dakika 12 kwenye lami safi halafu uso kwa uso na uzio wa waya, ng'ambo kuna kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, na kwa kuwa hajajenga hajatozwa kitu wala hajatoa ardhi. Watu wameshaukunja waya pembeni, wamechonga kijinjia kwa nyayo zao, mvua ikinyesha ni tope tupu, nimemshuhudia mzee wa watu akivua viatu avuke, na mbele kidogo tu lami inaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndivyo njia za namna hii zinavyokua, kipande kwa kipande, kila anayejenga na chake.

Nilienda ofisini kuuliza kwa nini wasimlazimishe huyo mwenye kiwanja, nikaambiwa haiwezekani, na baada ya kusoma nimewaelewa. Marekani kulikuwa na kesi ya Dolan na jiji la Tigard, Oregon, mwenye duka la vifaa vya mabomba alitaka kulipanua, jiji likamwambia kwanza toa ardhi kando ya kijito pamoja na ukanda wa futi 15 wa njia ya miguu na baiskeli. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ikawa upande wake kwa kura 5 kwa 4, ikasema jiji lioneshe kwamba linachodai kinakaribiana na mzigo ambao ujenzi huo wenyewe unaleta. Na 2024, kwenye kesi nyingine, ya mtu aitwaye Sheetz, mahakama hiyo hiyo ikasema hata ada iliyopitishwa kama sheria na baraza haikwepi kipimo cha aina hiyo. Sasa huyu wa kwetu hajajenga, hajaleta mzigo wowote. Mimi napenda hii njia kupita kiasi lakini nakubali, mtu mmoja asibebeshwe deni la mtaa mzima. Ila basi jiji litenge hela yake lenyewe ya kuunganisha vile vipande, lisikae kusubiri kila kiwanja kiuzwe!

Nyota nyingine imeondoka kwa matengenezo. Kuna benchi karibu na bembea, ubao wa katikati umevunjika tangu mwaka juzi, msumari umechomoza pale pale watoto wanapopandia. Nimeripoti mara 3, jibu ni lile lile, hela ya ada ni ya kujenga sio ya kutunza. Na ni kweli, California kwa mfano sheria hairuhusu ada hizi zilipie matengenezo ya kila siku, mkazi mpya analipia nafasi mpya anayoihitaji basi. Sawa, lakini bustani ikishafunguliwa majani hayajikati.

Kwa hiyo unayetaka kununua nyumba mpya, usiishie kwenye ile michoro mizuri ya mjenzi. Uliza ada imeshakusanywa na imetumika wapi, kipande kipi kinafuata, na nani analipa mkata majani. Uliza pia kama kuna muda wa mwisho, jimbo la Washington wanatakiwa kuitumia ndani ya miaka 10, kwingine inaweza kukaa tu benki huku watoto wako wanakua.

Wiki iliyopita nimekuta bango la maombi ya kibali limefungwa kwenye ule uzio. Siku ya kusikiliza maoni nitakuwepo, na picha za lile tope nishazitoa.