Nina Mae McKinney kwa buku moja

Nashona nguo huku Chikongola, Mtwara, na muvi ndiyo inayonifumbua macho nikikesha na sare za shule. Kijana wa kibanda cha kuingizia muvi kwenye flashi anatoza buku kwa muvi mbili. Safari hii nilimtajia Nina Mae McKinney, mwigizaji mweusi wa Marekani wa zamani. "Shangazi, jina hilo ndiyo kwanza nalisikia," akasema, lakini alizipata zote mbili.

Hallelujah ya 1929 ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na binti yule ndiyo kwanza anatoka utotoni. Anacheza hadi mabega yanaongea! Nilisahau mguu kwenye pedali, uzi ukajikusanya chini ya sindano. MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, walimpa mkataba wa miaka 5, halafu kazi zenyewe hazikuja. Hollywood ya wakati ule haikuwa na nafasi ya malkia mweusi. Akaenda kutafuta riziki Ulaya. Kule Uingereza akacheza na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, kwenye Sanders of the River, 1935. Hadithi yake inasifia ukoloni, inaudhi, ila kodoa macho kwenye umati: Jomo Kenyatta yumo. Nina alifariki New York mwaka 1967.

Kasoro sasa. Hallelujah iliganda katikati, sauti ikaendelea peke yake. Nilirudi, akaingiza upya bure, ila alinikalisha benchi saa nzima akiwahudumia wapenzi wa singeli.

Nyota nne. Na beba flashi yako, za kwake zina virusi.