Kupandikizwa ini India kipindi cha korona, nawapa hospitali nyota nne

Kaka yangu homa ya ini B ilishamaliza ini lake, na hapa kwetu Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018 ila ini wakati huo hapana, ikabidi India. Sasa si ndo korona ikaingia, Machi 2020 India wakasimamisha ndege za abiria zote za nje na sisi tushafika, mdogo wetu aliyekuja kutoa kipande cha ini kila mara anachokonolewa pua mpaka akawa mkali, maana akikutwa nayo tu opareshen inaahirishwa. Manesi wako poa sana aisee, walituelewesha kwamba ini la mtoaji linakua tena ndani ya miezi michache, ila mgonjwa atameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote, ndo maana korona kwake ilikuwa balaa zaidi. Wodini mtu mmoja tu, wengine tunapiga video kol. Nyota nimewanyima kwenye bili, vipimo vya korona na yale magwanda yao ya plastiki walitubandikia bila kutuambia mapema, jamani! Saa hizi kaka yupo Area C hapa Dodoma anashindilia ugali wa uwele na mlenda kama kawa.