AlphaTrak 2 kwa paka mkorofi: inawezekana jamani

Kama paka wako ana kisukari na kila ukishika sikio lake anageuka chui, usikate tamaa, wa kwangu ni mkorofi kweli kweli na sasa tunapima vizuri tu na AlphaTrak 2, mashine ya kupimia sukari kwenye damu. Nilichopenda kwenye hii mashine ni kwamba inataka damu kiduchu, 0.3 mikrolita, yaani kitone kama kichwa cha pini kinatosha, halafu imetengenezewa mbwa na paka, maana zile za binadamu mara nyingi zinasoma chini kuliko sukari halisi ya paka. Hakikisha tu umeweka kodi (namba ya kuseti mashine) ya paka iliyoandikwa kwenye kichupa cha stripu, vile vipande vya kupimia damu, usiweke ya mbwa.

Kazi iko kwenye sikio bwana. Lipashe moto kwanza, soksi yenye mchele wa moto kiasi (ijaribu kwenye mkono wako kwanza), mpaka liwe jekundu kwa ndani, ndo uchome pembeni karibu na ukingo, sio kwenye mshipa wenyewe. Weka pamba nyuma usijichome kidole lol. Damu ikigoma kutoka mwache aende, mpe kitafunwa hivyo hivyo, damu itoke isitoke anakula, ndo anavyozoea.

Stripu za wanyama bei yake imechangamka, hilo sifichi. Ila paka akiwa na hofu sukari inapanda, so namba ya nyumbani akiwa katulia inamsaidia daktari kuliko ya kliniki. Ikisoma chini sana usichome insulini, mpigie daktari kwanza.