Sabufa ya wati 12,000 imetoka, amplifaya ya kiganja imeingia

Sanduku la sabufa yangu liliandikwa wati 12,000 kwa namba kubwa za dhahabu, na pembeni yake herufi nne ndogo: PMPO, yaani nguvu ya kilele cha papo hapo inayodaiwa, si ya kupiga muda wote. Niliinunua Kariakoo mwaka juzi kwa shilingi 220,000, nikaileta Tabata kwa bodaboda huku nimeikumbatia kama mtoto. Siku nilipoigeuza nitafute pa kuchomeka waya wa televisheni ndipo nikaona kibandiko cha mgongoni: hutumia wati 60. Nikakaa chini. Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, mwisho wake ni wati 3,000 kasoro kidogo. Hizo 12,000 zingepita wapi?

Si kwamba haikuwa inapiga. Ilipiga mno. Ukiweka Bongo Fleva, bati la jirani linaitikia. Lakini mimi ni mtu wa taarabu asilia na muziki wa dansi wa zamani, na huko ndiko iliponishinda. Fidla na nai zilikuwa kitu kimoja, udi ulisikika kama umefunikwa blanketi, na gitaa la besi, hata lipande lishuke, lilitoa "du" ileile. Mke wangu ndiye aliyelisema vizuri: "Baba Salma, hii redio inagonga, haiimbi."

Nikatenga laki nne nitafute amplifaya na spika mbili za kawaida, nikajiapiza kutokopa.

Nikaanza na amplifaya, kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Nilipata mtumba wa Kijapani, mzito, uso wa fedha, vitufe vinavyozunguka kwa ulaini wa kukufanya uvizungushe bure tu. Shilingi 180,000. Mgongoni kumeandikwa 100V, maana umeme wa majumbani Japani ni volti 100, kwa hiyo nikaongeza 40,000 ya transfoma ya kushusha umeme, tofali la chuma linalonguruma usiku kucha usipolizima. Kwa spika za kuazima kwa shemeji nilisikiliza wiki tatu, na sitasema uongo, zilikuwa wiki tatu za raha.

Kisha mpwa wangu akaja likizo. Akasogeza kabati afagie, akachomoa nyaya, na wakati wa kurudisha akachomeka amplifaya kwenye ekstensheni, ile inayomeza pini za kila aina. Volti 230 kwenye kitu cha volti 100. Tulijua kwa harufu. Fundi wangu wa mtaani, mzee aliyeanza na redio za mbao, aliifungua, akanusa, akaifunga tena. "Mwanangu, transfoma ya ndani imekwenda, na kuna vingine imekwenda navyo. Nikikutengenezea utalipa bei ya nyingine." Akanipa 30,000 achukue vipuri. Mpwa wangu sikumgombeza. Kosa ni langu. Kama una mashine ya volti 100 na nyumba ina watu, kata plagi yake, mwambie fundi aiunge moja kwa moja kwenye transfoma, isiweze kuchomekwa kwingine.

Mzee ndiye aliyenigeuza kichwa. Alisema spika ndiyo yenye sauti, amplifaya ni ya kuisukuma tu, na kwamba kwa pesa yangu iliyobaki ninunue spika kwanza. Tukaenda pamoja Ilala, kwenye banda moja linalofungua makontena ya Uingereza. Mfukoni alikuwa na betri moja ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, na nyaya mbili fupi. Anagusisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi: wufa, ile spika kubwa ya besi, ikisogea mbele kwa mlio mdogo wa "tap", ni hai. Kisha anabonyeza koni, ile sehemu inayotikisika, taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sikio karibu. Ikikwaruza, koili ya waya iliyo ndani imeharibika, weka chini. Mwisho anatazama ukingo wa koni. Wa sponji anauacha hata kama leo unaonekana mzima, kwa sababu joto na unyevu wa pwani huila sponji mpaka inadondoka kama unga. Wa mpira ndio anaoutaka. Jozi tano tulizikataa. Ya sita ilikuwa Wharfedale Diamond 9.1, mpira mzima, kona moja imemeguka. Muuzaji alitaka 250,000. Ile kona ikatushushia hadi 170,000.

Baadaye nilisoma kwamba Wharfedale ilianzia Yorkshire mwaka 1932, na Diamond ni ukoo wa spika ndogo za bei nafuu waliouanza mwaka 1982. Yaani zilitengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wati za sandukuni zilipoisha nguvu kwangu. Spika hizi zina usikivu wa desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti): ukizipa wati moja hivi, ukasimama mita moja mbele, unapata desibeli 86. Hiyo si sauti ndogo. Kochi letu liko mita mbili na nusu, sauti inapungua kidogo, na bado kwa mazungumzo ya kawaida wati moja inatosha. Muziki una vilele, ngoma inapopigwa kwa nguvu, na kila ukitaka kuongeza desibeli 10 unahitaji wati mara kumi. Basi wati 20 za kweli kila upande zinanitosha kabisa sebuleni.

Kwa hiyo niliuza sabufa kwa 120,000 kwa jamaa mwenye banda la chipsi (huko inafaa, barabarani hakuna anayetafuta udi), nikachanganya na zile 30,000 za vipuri, nikanunua Fosi Audio BT20A kwa 150,000. Ni kitu cha kukaa kiganjani. Ina Bluetooth, tundu za RCA (zile za waya mwekundu na mweupe), kitufe cha besi na cha trebo, yaani sauti nyembamba. Kwenye sanduku utasoma wati 100 mara mbili. Mimi nilisoma adapta: volti 24, ampea 4.5, yaani wati 108 kwa pande zote mbili, kabla hata ya kitakachopotea njiani. Haikunisumbua. Nahitaji 20.

Umeme wa LUKU haiugusi sana. Ikipiga saa tatu mfululizo inakuwa vuguvugu tu, wakati ile ya Kijapani ungeweza kukaushia soksi.

Siku ya kwanza nilikaribia kulia, si kwa furaha. Besi haikuwepo. Trebo nzuri, sauti za waimbaji zimetapakaa hazijulikani zinatoka wapi, chini hakuna kitu. Nilimpigia Mzee kwa hasira ya kistaarabu. Akauliza swali moja: nyaya zote mbili umefunga rangi kwa rangi? Spika moja nilikuwa nimeigeuza, chanya kwenye hasi. Koni moja inakwenda mbele, nyingine inarudi nyuma, besi zinauana. Nikageuza, na gitaa la besi likaanza kutembea noti kwa noti.

Waya wenyewe nilinunua wa 9,000. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, si shaba tupu. Spika nimezitoa kwenye pembe za ukuta, nimezisogeza mbele shibiri mbili, na mngurumo ukapungua.

Kasoro moja ninayoishi nayo ni kwamba amplifaya haina rimoti. Nikitumia simu napunguzia kwenye simu, lakini televisheni nimeiunga kwa waya, hivyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza lazima mtu ainuke. Mtu huyo ni Salma, na tangu wiki iliyopita anadai posho.